Pilingi si mkorogo, ila si singo vilevile

Siku kumi kabla ya sendofu yake, rafiki yangu alilala kwenye kitanda cha saluni moja hapa Dar es Salaam akapakwa usoni maji ya chupa isiyo na lebo. Alitajiwa "thelathini na tano", hakutajiwa asilimia thelathini na tano ya nini. Uso ukawasha, ukachoma, ukatoka ukungu mweupe kama chokaa. Mpakaji akamwambia huo ndio uzuri wenyewe, dawa imekubali. Siku ya nne ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Siku ya nane, ilipotakiwa kung'aa, mabaka mawili meusi yalikuwa yamekaa mashavuni. Shangazi yake, aliyewasili kutoka Unguja na liwa na singo ya bi harusi mkobani, alimtazama akasema: "Mwanangu, umejichubua." Akajibiwa: "Hapana shangazi, nimefanya pilingi."

Nimeyawaza sana majibizano hayo, maana kila mmoja alikuwa na haki kwa nusu. Lugha yenyewe inatuchanganya: anayepaka mkorogo anajichubua, na anayepakwa asidi na daktari naye anachubuliwa. Lakini kazi ni mbili tofauti. Mkorogo unashughulika na rangi. Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na lengo ni kuizuia ngozi isitengeneze weusi wake. Pilingi inashughulika na tabaka: inaondoa ngozi ya juu kwa asidi ili ya chini ichukue nafasi. Rangi ikitakata ni kwa sababu tabaka lenye madoa limeondoka. Hujageuzwa kuwa mtu mwingine.

Ngozi ya juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa, zimepangana tabaka kumi na tano hadi ishirini hivi, kama makuti ya paa. Seli huzaliwa chini, ikapanda taratibu, na kwa kijana huchukua karibu mwezi mmoja kufika juu na kudondoka. Kwenye uso wenye chunusi au madoa, seli zinang'ang'ania, zinaziba vinyweleo. Asidi ya glaikoli, ambayo asili yake ni muwa, na ya laktiki, ile ya maziwa yaliyoganda, hazivunji makuti. Zinakata kamba zilizoyafunga. Ya salisiliki inapenda mafuta, kwa hiyo inaingia hadi ndani ya kinyweleo, ndiyo maana wenye chunusi hupewa hiyo.

TCA, yaani asidi ya trikloroasetiki, ni habari nyingine. Hiyo haikati kamba, inapika. Protini ya ngozi inaganda na kuwa nyeupe kama ute wa yai ulioguswa na kikaango. Salisiliki nayo huacha weupe, lakini huo ni unga wa dawa tu, ukipitisha kitambaa chenye maji unaondoka. Weupe wa TCA haufutiki, kwa kuwa ni ngozi yenyewe iliyoiva. Kwa nilivyosimuliwa, wa rafiki yangu haukufutika. Na kwa asilimia 35, TCA haiishii kwenye makuti, inashuka mpaka kwenye ngozi hai ya chini, penye mishipa ya damu. Chini zaidi ya hapo kuna fenoli, ambayo huingia kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kiasi kwamba hupakwa mgonjwa akiwa amefungwa mashine ya kufuatilia moyo. Tena inaweza kuacha weupe wa kudumu. Kwa ngozi nyeusi hiyo tuiweke kando.

Wanaoitetea pilingi wana hoja nzito, na si hoja za jana. Mwaka 1882 daktari Unna wa Hamburg alikwisha kueleza matumizi ya salisiliki, fenoli na TCA kwenye ngozi. Na kwa ngozi kama zetu kuna utafiti unaotajwa sana, wa Pearl Grimes wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1999. Alichukua wagonjwa 25 wenye ngozi za rangi, wengine wakiwa na chunusi, wengine madoa, akawapaka salisiliki ya asilimia 20 na 30 mara tano. Asilimia 88 walipata nafuu ya wastani hadi kubwa, na asilimia 16 tu ndio walioona madhara, nayo madogo. Anayesema pilingi ni ya Wazungu peke yao ajibu hapo kwanza.

Ila mimi husoma mpaka chini. Ishirini na tano ni watu wa daladala moja. Halafu, kwa wiki mbili kabla ya asidi, wagonjwa wale walitumia krimu ya haidrokwinoni ya asilimia 4. Ndiyo, haidrokwinoni ileile iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopata moja bila nyingine. Sasa madoa yalipofifia, sifa ni ya asidi au ya krimu? Sisemi utafiti haufai. Nasema unathibitisha kwamba salisiliki, ikipakwa na mtu anayejua, kwa awamu, haikuwaunguza wagonjwa wale. Kwamba asidi ndiyo iliyofuta madoa, hapo bado. Krimu ile kwa mkono wa daktari, kwa muda uliopangwa, ni dawa. Ikitumiwa kwa miaka kama mafuta ya kujipaka, inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka.

Upande wa pili wa mzani una kitu kimoja kizito kuliko vyote: ngozi nyeusi haisahau. Idadi ya seli zinazotengeneza rangi haipishani sana kati yetu na Mzungu, kinachopishana ni bidii yake. Ukizishtua kwa kidonda chochote, chunusi, mbu, pasi ya moto au asidi, zinamwaga rangi. Kipele kimepona Januari, doa lake mnaonana nalo mpaka Juni. Kwa hiyo dawa ya kuondoa doa, ikizidi kidogo tu, ndiyo inayozalisha doa. Na ngozi mpya iliyotoka chini ni nyembamba, haijazoea jua. Bila mafuta ya kuzuia jua ya kipimo cha SPF 30 kwenda juu, kila siku, pilingi ni kazi bure. Mtu wa ofisini ataweza. Muuza matunda anayeshinda barabarani au dereva wa bodaboda, sioni vipi.

Yapo na mambo ambayo pilingi nyepesi haiyawezi kabisa, ingawa matangazo yanasema inayaweza. Mashimo ya chunusi hayajazwi kwa kukwangua juu. Madoa ya mashavuni yanayoletwa na ujauzito hufifia, kisha jua likiyapata yanarudi. Mwenye makovu yanayovimba, anayetokwa malengelenge mdomoni mara kwa mara, mjamzito, aliye kwenye vidonge vikali vya chunusi: hawa wamwone daktari kwanza.

Daktari, sawa, yuko wapi? Hapa ndipo ushauri wa "nenda kwa mtaalamu" unaponiudhi kidogo, hata ninapoutoa mwenyewe. Moshi kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na kimefanya kazi kubwa, lakini wataalamu bado ni wachache na wengi wako mijini. Chupa ya asidi inaletwa na bodaboda mpaka mlangoni. Tatizo hili si letu tu: Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake wasinunue wala kutumia asidi kali za pilingi bila kusimamiwa na mtaalamu, baada ya watu kuungua. Marekani, yenye madaktari wa ngozi tele.

Kwa hiyo mimi nimegawa hivi. Asidi ya dukani ya nguvu ndogo, salisiliki ya asilimia 2 au glaikoli isiyozidi 10, mtu mzima ajaribu mwenyewe, aanzie nyuma ya sikio, asubiri siku mbili. Inachukua miezi, haibandui ngozi, na hiyo ndiyo sifa yake. Pilingi nyepesi kwa mtaalamu, naikubali kwa chunusi sugu na madoa yake, ikianza chini na kupanda. TCA ya saluni naikataa, na kuliko asilimia yoyote, ninachokikataa zaidi ni haraka yenyewe. Sendofu ikiwa wiki ijayo, pilingi imeshachelewa. Singo ya shangazi, dalia na liwa, inakwangua kidogo, inanukia, na haijawahi kupika uso wa mtu. Wala haiondoi madoa, tusiisingizie.

Mabaka yalifunikwa na mpambaji kwa tabaka tatu, na kwenye picha hayaonekani. Yalikaa miezi saba. Sasa rafiki yangu anakwenda kwa daktari, salisiliki ya asilimia 20, na mara ya kwanza aliuliza kama dawa imechacha, mbona haimuunguzi. Shangazi alipiga simu wiki iliyopita. Baada ya salamu zote na habari za mume, akashusha sauti: hiyo ya taratibu, viwiko inaviweza?