Tope la Goba na uzio wa kitambaa wa Maryland

Kwa miaka tisa sasa nimefanya kazi katika saiti za ujenzi za jimbo la Maryland, Marekani, na kadi ninayojivunia si ile ambayo Watanzania wenzangu huifikiria ninapotaja kadi ya kijani. Jimbo hilo humtaka msimamizi wa kazi ya kusafisha na kuchimba ardhi awe na cheti cha mafunzo ya kuzuia mmomonyoko, na kwa lugha ya saiti cheti hicho huitwa kadi ya kijani. Niliwahi kupongezwa harusini kwa kupata ukaazi, kumbe nilikuwa nikizungumzia tope.

Sheria yao ya kudhibiti mashapo, yaani udongo unaosombwa na maji, ni ya mwaka 1970, na kinachonivutia ndani yake ni mpangilio wa kazi. Kabla katapila halijagusa ardhi, ukingo wa chini wa kiwanja huwekewa uzio mfupi wa kitambaa ambao upindo wake hufukiwa ili maji yasipenye kwa chini. Njia ya kuingilia humwagwa mawe ili matairi ya malori yaache udongo hapo badala ya kuupeleka barabarani. Na saiti kubwa huchimbiwa bwawa ambamo maji ya mvua hutulizwa mpaka mashapo yazame, kwa kipimo cha futi za ujazo 3,600, takriban mita za ujazo 102, kwa kila ekari inayomwaga maji humo. Mteremko mkali uliochongwa hupewa siku 3 uwe umefunikwa kwa mbegu na majani makavu, na sehemu nyingine siku 7.

Wengi hudhani kitambaa kile ni chujio. Kazi yake hasa ni kuyachelewesha maji yapungue kasi, udongo utue nyuma ya uzio, na mara nyingi udongo laini wa mfinyanzi hupita nayo bila kutua. Nimeona pia nyuzio zilizolala chini wiki nzima bila mtu kuziinua, kwa hiyo nisiwapambe kupita kiasi. Ndiyo maana msimamizi wangu wa kwanza alizoea kutuambia kwamba uzio wa maana ni nyasi ambazo hukuzing'oa.

Nao hawakuanza na busara hiyo. Mji wa Bladensburg, kando ya mto Anacostia, ulikuwa bandari ya meli za tumbaku katika karne ya 18. Mashamba ya juu yakabaki wazi, udongo ukashuka, mto ukajaa, na bandari ikafa. Nikipita pale huikumbuka Jangwani ya Dar es Salaam, mahali ambapo mto Msimbazi, ukitokea upande wa vilima vya Pugu, humwaga mchanga na kuifunga barabara ya Morogoro masika yanapokuwa makali.

Ningependa kusema kwamba ujuzi huo niliupeleka nyumbani. La hasha. Nilipotuma fedha za msingi wa nyumba yangu Goba, Dar es Salaam, niliwaachia vijana walete greda mwezi Machi, wakasafisha kiwanja chote hadi kikang'aa, nami nikazifurahia picha. Wiki tatu baadaye mama jirani wa bondeni alinipigia simu: “Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, lakini udongo wako nao umefika, uko jikoni kwangu.” Sikuwa na la kujibu, mimi mwenye cheti.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema tunakili tu sheria ya wenzetu. Maryland, mpango wa kuzuia mmomonyoko hudaiwa kuanzia futi za mraba 5,000, kama mita za mraba 465, yaani kiwanja cha kawaida cha mtu Dar es Salaam. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini kwa miradi mikubwa, ilhali tope ninaloliona mimi likiziba makalavati linatoka kwenye viwanja vidogo vya watu kama mimi. Tena kule nyumba husimama kwa miezi. Kwetu msingi husubiri mkopo wa saccos, kisha ada za watoto, na waweza kunyeshewa misimu mitano kabla ya kupauliwa. Siku 7 haziwezi kuwa kipimo cha ujenzi wa namna hiyo.

Ambacho halmashauri ingeweza kukiandika katika kibali cha ujenzi ni mambo ya bei nafuu: kiwanja kisisafishwe kabla ya Juni, pasafishwe pale panapojengwa tu, ukanda wa nyasi ubaki upande wa bondeni, na lundo la mchanga lifunikwe turubai na lisikae juu ya mtaro. Mjumbe wa mtaa angeweza kuyakagua hayo kwa macho, bila kipimo chochote.

Mimi nimeanza na viroba vya mchanga na ukoka kwenye ukingo wa chini. Upande wa kushoto umeshika vizuri. Wa kulia umeliwa na mbuzi wa mama jirani, na sina ujasiri wa kumpigia simu.