Wednesday Addams apimwe kwa makosa yake, si kwa ukimya wake

Kwa vijana wengi wa Mbeya na Iringa wanaopenda mambo ya haiba, kesi ya Wednesday Addams ilishafungwa. Binti huyu wa tamthilia ya Netflix iliyotoka Novemba 2022 ni INTJ, moja ya aina kumi na sita za haiba katika mfumo wa herufi nne uitwao MBTI, basi. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwamba haongei, havai rangi, hacheki, hapepesi macho. Herufi hizo nne naziafiki. Ninachokataa ni sababu zake, kwa kuwa ukizichukua na kumpimia binti wa jirani utamwonea.

Tuanze na ukimya. Herufi I inamhusu mtu anayepata nguvu akiwa peke yake, na mdomo kufungwa si ushahidi wa hilo. Kwa mila za Wanyakyusa, mke wa mtoto humkwepa baba mkwe wake. Anayemwona siku hiyo na kumwandikia I amepima mila, hajapima mtu. Iringa nako kijana akimpita mzee bila kusema "kamwene" anaitwa mwenye kiburi, hata kama ni aibu tu inayomsumbua. Kwa Wednesday ushahidi wa I upo, ila uko kwingine: ametenga saa moja kila siku ya kuandika riwaya yake kwa taipureta na hataki Enid, anayelala naye chumba kimoja, amkatishe. Usiku anatoka nje na selo yake. Watu wapo, wanamtaka, na yeye anachagua upweke bila kulazimishwa. Hiyo ndiyo I.

Kuna kasoro nyingine ambayo huku kwetu ni kubwa: wengi wamemjua kupitia muvi zilizotafsiriwa, zile za kurushiwa kwenye flashi. Msimulizi hodari anaongeza kicheko, anatia kijembe cha mtaani, anapandisha sauti pale ambapo Jenna Ortega ametamka sentensi nzima kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Burudani inanoga, lakini haiba unayoipima hapo nusu yake ni ya msimulizi. Kwa kazi hii tafuta sauti ya asili yenye maandishi chini. Kama huna muda wa msimu wote wa kwanza wenye episodi 8, angalia ya kwanza, ya sita na mbili za mwisho. (Kuanzia hapa natoboa siri za hadithi.)

Chukua daftari, ukurasa ugawe safu tatu: alichofanya, njia nyepesi aliyoiacha, na nani alifaidika. Maamuzi kumi hadi kumi na mawili yanatosha. Usiandike maneno yake hata kidogo, maana vile vijembe vyake vikali ni mapambo ya waandishi, na ndivyo vinavyowapoteza wengi.

Mfano wa mstari mmoja. Mdogo wake, Pugsley, anakutwa amefungwa ndani ya kabati la shule. Njia nyepesi ilikuwa kuripoti kwa walimu. Wednesday anakwenda kwenye bwawa la kuogelea wakati waliomwonea wanafanya mazoezi, anawamwagia mifuko miwili ya samaki piranha. Aliyelindwa ni mdogo mtu, yeye mwenyewe anafukuzwa shule. Mstari wa pili: mashindano ya mitumbwi ya Poe Cup hayamhusu kabisa, anaingia baada ya mshirika wa Enid kwenye mtumbwi kuchezewa rafu na upande wa Bianca, mwanafunzi mpinzani. Ukifika mstari wa tano utaona kwamba safu ya tatu imejaa majina ya watu wengine. Huyu si mtu asiye na moyo.

Na ubaridi wake una tarehe ya kuzaliwa. Katika episodi ya kwanza anasimulia habari za nge wake, Nero, aliyeuawa na wavulana alipokuwa na miaka sita. Alilia, akamzika, kisha akaapa kutolia tena. Kiapo ni uamuzi, na uamuzi hauhesabiwi kama tabia ya asili. Kwa hiyo anayempa T (herufi ya kuamua kwa mantiki kuliko hisia) kwa sababu tu "hana hisia" amesoma kiapo akadhani ni damu. T yake ya kweli iko kwenye namna anavyopeleleza: anakusanya vitu, anavipanga, anauliza kila mmoja alikuwa wapi.

Makosa yake ndiyo yanayonishawishi zaidi. Anaona maono mafupi, anajenga picha nzima, anaifunga mapema. Anamshuku Daktari Kinbott, mshauri wake wa saikolojia, na anakosea. Anamgeukia Xavier, mwanafunzi mwenzake, ushahidi unaonekana kukaa sawa, kijana anatiwa mbaroni, naye hana hatia. Hyde, lile zimwi linaloua, alikuwa Tyler, kijana wa mjini, na aliyemtuma ni Bi Thornhill, mwalimu aliyekuwa karibu muda wote. Wapo wanaotetea ISTP, aina nyingine katika mfumo huo, kwa sababu anapigana kwa upanga na mikono yake ni hodari. Lakini mtu wa ISTP angekawia kuhukumu, angeendelea kujaribu hiki na kile huku mlango uko wazi. Wednesday anafunga mlango kisha anatafuta ufunguo. N (kuona picha nzima kabla ya vipande) na J (kupenda kukata shauri mapema) zinaonekana hapo kuliko kwenye gauni jeusi.

Tahadhari: kukosea kwenyewe si ushahidi. Hadithi ya upelelezi isingefika episodi 8 kama mpelelezi angepatia mapema, hivyo waandishi walihitaji akosee. Kinachopimwa ni namna anavyokosea, na anakosea kwa namna ileile kila mara.

Mfumo wa herufi wenyewe una mipaka. Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers waliujenga juu ya kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921, na unamlazimisha kila mtu awe upande mmoja wa uzio, ndiyo maana si wachache wanaorudia jaribio na kutoka na herufi nyingine. Wanasaikolojia wengi wa leo hutumia sifa tano zinazopimwa kwa kiwango. Kwa kipimo hicho Wednesday yuko juu kwenye nidhamu ya kazi na udadisi, chini kwenye upole na uchangamfu. Sifa ya tano, wepesi wa kutikisika kihisia, wengi humwekea sifuri. Hao waitazame tena ile sehemu ya Thing, ule mkono unaotembea wenyewe, aliyechomwa kisu: anavyombeba mbio kwa Fester, ndugu wa baba yake, anavyombembeleza asife. Mimi namweka katikati, na anayetaka kumshusha alete tukio lenye uzito kama hilo.