Tazameni kwanza kihori

Nikisoma utafiti uliofanywa kwa panya, naambiwa umri wao, uzito wao na dawa waliyopewa. Chombo walicholia hupewa sentensi moja, tena kwa bahati. Mimi huanzia hapo.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, kwa hiyo atatafuna hata akiwa ameshiba. Mwekee unga kwenye bakuli la wazi: ataufukua, ataumwaga, ataukojolea. Jioni unapima uliobaki, unaandika kwamba amekula gramu 25. Amekula wapi? Sehemu yake imezama kwenye maranda. Ndiyo maana chakula kigumu hutiwa kwenye kihori cha waya kinachoning'inia juu, panya ainuke na kukiguguna kidogo kidogo. Waya zikiachana mno, anavuta kipande kizima na kukificha. Zikibanana mno, wadogo hawapati kitu. Ubishi wote ni wa milimita chache.

B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyepata shahada yake ya uzamivu Harvard mwaka 1931, alichonga kigawa chakula kutoka kwenye kisahani cha mbao alichookota stoo. Katikati kilikuwa na kijiti ambacho hakujisumbua kukikata. Siku moja akazungushia uzi kwenye kile kijiti, uzi ukawa unafunguka kadiri chakula kilivyotoka, na hapo akapata mchoro wa mwenendo wa panya uliompa jina. Yaani uvivu wa kukata kijiti! Punje za chakula, ambazo panya walilipwa kwa kubonyeza wenzo, alizifinyanga mwenyewe kwa mashine ya kutengenezea vidonge. Panya wanane, punje mia kila mmoja kwa siku. Jumamosi moja akaona kwamba asiposhinda kwenye mashine, Jumatatu asubuhi zitakuwa zimekwisha. Akaamua kulipa baadhi tu ya mibonyezo, na panya wakaendelea kubonyeza. Uhaba wa punje ukamfungulia utafiti wa miaka mingi.

Kwetu Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Ujira ni ndizi iliyopondwa na kuchanganywa na chakula cha panya kilichosagwa, unatolewa kwa bomba la sindano la plastiki. Hakuna mota. Wapo watakaocheka, lakini mimi nakiona hicho ni chombo kilichosanifiwa vizuri kuliko mashine nyingi za bei mbaya. Panya buku ana vifuko mashavuni. Mpe karanga nzima, ataisweka humo akatafute pa kuificha. Ndizi iliyopondwa huilamba palepale, akarudi kazini.