Kabati la Mawe na Tembe la Bibi

Juzi nimeinuliwa kwenye jiwe. Nilikaa nifunge kamba ya kiatu, mama mmoja mhudumu akaja polepole, akaniomba radhi (yeye ndiye aliyeomba!), akasema hapo nilipokaa ni ukuta wa nyumba ya watu. Hao watu wamekufa tangu miaka 4,500 iliyopita.

Ni Skara Brae, visiwa vya Orkney, kaskazini kabisa mwa Skotlandi. Upepo wa huko sikuombei. Kuna nyumba nane za mawe zilizozama ardhini, na dhoruba ya mwaka 1850 ndiyo iliyozifunua. Ni za zamani kuliko mapiramidi ya Giza. Mgeni huingii ndani. Unapita juu, unachungulia kama mtoto anayetaka kujua chunguni kuna nini.

Nikachungulia, nikacheka peke yangu. Katikati pana jiko lililozungushiwa mawe. Kulia kitanda cha mawe, kushoto kitanda cha mawe. Na mkabala na mlango, kabati la vyombo! La mawe, na rafu zake, limekaa mahali ambapo mgeni akiinama kuingia tu, macho yanatua hapo. Jamani, nani hajui hilo kabati? Ndilo la sebuleni kwa shangazi, lenye glasi ambazo tangu uzaliwe hujawahi kuzinywea maji.

Humo hakukaa sultani wala gavana. Walikaa watu wa ng'ombe na kondoo, wa shayiri na samaki. Nyumba zote karibu zinafanana. Na hilo ndilo lililoniuma. Sisi nyumba ya kutunzwa lazima awe alilala mkubwa.

Mimi ni Mgogo. Tembe la bibi, ile nyumba yetu ya udongo mpaka darini, lilivunjwa viwanja vilipopimwa, likafuatwa na nyumba ya bati yenye madirisha ya aluminiamu. Sikulia. Nilichangia bati.

Najua mtakavyosema. "Umeshakuwa mzungu, unatamani tulale na mbuzi ili uje kupiga picha." Mimi nimelala na mbuzi, ndugu yangu. Moshi naujua, nge namjua, na mvua ikipenya udongo wa darini saa nane za usiku najua sufuria linawekwa wapi. Mama yangu simrudishi humo hata kwa fedha. Nasema moja tu libaki. Moja!

Mwingine atasema: kuna Kijiji cha Makumbusho, Dar, tangu 1966. Kweli, na nyumba za makabila zimo. Lakini tuwe wakweli: konda akiita "Makumbusho! Makumbusho!" nani anashuka kwenda kuangalia nyumba? Mimi nimepita pale miaka tisa nikiwa kazini. Niliingia mara moja, na shule, nikakumbuka zaidi soda kuliko nyumba.

Wala hawa wenzetu si malaika. Mwaka 1913 watu walifika Skara Brae na makoleo, wakachimba, wakabeba walichobeba. Na jiwe halina shida; tembe ukiacha kulikandika misimu miwili, linarudi kuwa kichuguu. Lakini bahari ilipoanza kula nyumba hizo, wakajenga ukuta kuizuia. Kwa ajili ya majiko ya wakulima ambao hata majina yao hakuna anayeyajua! Sisi la bibi tunalijua jina, na tulimaliza kazi kwa asubuhi moja, watu wanne na sururu.

Jioni nikampigia mjomba. Nikamuuliza mafiga ya bibi yalikwenda wapi. Akanyamaza, akadhani nimepungukiwa hela nazunguka. Halafu akasema mawili hajui, labda yaliingia kwenye msingi. Moja lipo, linazuia geti lisigongwe na upepo. Akaniuliza, kwani vipi, unalitaka?