Herufi ya sifuri katikati ya stringi: tuifute kimya kimya au tuikatae?

Ubishi huu ukianza kati ya madevelopa wa hapa Dar hauishagi leo. Data imeingia kwenye mfumo, katikati ya jina la mtu au meseji (maandishi kama hayo ndo tunayaita stringi) kuna herufi ya sifuri, sio tarakimu 0 bali ile ambayo kwenye ASCII, jedwali linaloipa kila herufi namba, ina namba sifuri na inaitwa NUL, kwa macho huioni, na ghafla databesi ya Postgres inagoma kusevu. Kuna wanaosema futa tu, mstari mmoja wa kodi, kazi iendelee na mteja hata asijue. Wengine wanasema hapana, kataa, rudisha erori, aliyetuma akarekebishe kwake. Mi nipo zaidi na hawa wa kukataa, ila sio kwa sababu ya usalama peke yake kama wanavyopenda kusema, na kuna sehemu wale wa kufuta wako sahihi kabisa, nitafika huko.

Chanzo wengi mnakijua. Stringi ya lugha ya C haibebi urefu wake, inaishia pale baiti ya sifuri inapokutwa, kwahiyo strlen, ile kazi ya kupima urefu, inahesabu wee mpaka ikute sifuri inasimama, kilichobaki mbele haikijui. Lugha nyingine, Pascal za zamani, ziliweka urefu mwanzoni kwa baiti moja, ndo maana stringi zake hazikuweza kuzidi herufi 255. Watu wanamsema sana Dennis Ritchie, aliyeiunda C, siku hizi lakini kwa mashine za miaka ya 70 zenye memori kiduchu, kulipa baiti moja upate stringi ya urefu wowote ilikuwa bei nzuri tu. Shida ilikuja baadaye, lugha kama Java, Python na Go zote zinajua urefu wa stringi zao na kwao sifuri ni herufi kama nyingine, JSON, mtindo wa kubadilishana data kati ya programu, nayo inairuhusu ukiandika \u0000, halafu chini ya hivyo vyote bado kuna maktaba na mfumo endeshi vilivyoandikwa kwa C. Sehemu mbili za programu zinasoma stringi ileile na kila moja inaona kitu chake.

Na wahuni wanaishi hapo hapo. Kwenye PHP, lugha ya kuandikia tovuti, kabla ya toleo la 5.3.4 ulikuwa unapeleka jina la faili linaloishia .jpg, katikati umechomeka sifuri baada ya .php, ukaguzi unaona picha, mfumo endeshi unaona skripti. Mwaka 2009 mtafiti wa usalama Moxie Marlinspike alionyesha kwenye mkutano wa Black Hat kwamba hata vyeti vya SSL, vile vinavyothibitisha tovuti ni ya nani, vilikuwa vinapigwa hivyohivyo, mtoa cheti alikuwa anaangalia mwisho wa jina ambako kuna kikoa halali cha mwombaji, brauza ilikuwa inasoma mpaka kwenye sifuri na kuamini inaongea na tovuti nyingine kabisa.

Sasa wafutaji wana hoja yao na ina uzito. Mtumiaji wa kawaida hajawahi kuandika herufi ya sifuri kwa makusudi, kibodi yenyewe haina, imetoka kwenye faili au programu fulani huko nyuma, sasa dada wa kaunta pale Kariakoo unamwambia stringi yako ina baiti batili ili afanyeje? Na kukataa kuna gharama, hili wakataaji huwa wanalipita haraka. Ukikataa mahali pabaya, mfano ndani kabisa kwa programu inayochota kazi kwenye foleni, ile meseji inafeli, inarudi kwenye foleni, inachotwa tena, inafeli tena, usiku kucha, na nyuma yake wengine wamesubiri.

Lakini ngoja tuangalie hiyo kufuta inafanya nini hasa. Chukua orodha ya wanachama wa SACCOS, mtu kaisevu kutoka Excel kwa ule mtindo wa Unicode Text, ambao ni UTF-16, enkodingi mojawapo, yani njia ya kuandika herufi kama baiti. Humo kila herufi ya kawaida inakaa baiti mbili na moja wapo ni sifuri: C, sifuri, h, sifuri, a, sifuri. Mfumo wako ulidhani ni UTF-8, enkodingi nyingine ambayo herufi za ASCII zinakaa baiti moja moja, ukakuta masifuri kibao, ukayafuta, na zile baiti mbili za mwanzo FF na FE, ambazo kazi yake yote ilikuwa kukwambia hili faili ni UTF-16, nazo ukazifuta maana zilikuwa zinaleta erori. Matokeo yanapendeza! Kwa sababu Kiswahili chetu herufi zake zote zimo kwenye ASCII, majina yanatoka safi, Asha ni Asha, Temeke ni Temeke, unapiga picha ya skrini unamtumia bosi.

Mpaka ufike kwa mtu wa Chang'ombe. Kama apostrofi yake ni ile iliyopinda ambayo Word na baadhi ya simu zinaiweka zenyewe, namba yake kwenye Unicode ni U+2019, na kwenye faili hilo la UTF-16 inakaa kama baiti 19 ikifuatiwa na 20 (kwa heksadesimali). Hakuna sifuri hapo, kwahiyo hakuna kinachofutwa, ila kwenye ASCII 20 ni nafasi tupu na 19 ni alama ya udhibiti isiyoonekana, unabaki na Chang ombe, na ukitafuta wanachama wa Chang'ombe huyu hatokei. Hakuna erori wala logu, na faili la mwanzo lilishafutwa zamani.

Kwenye SMS ndo balaa zaidi. Kwenye alfabeti ya GSM, ile inayotumika kuandika SMS, namba sifuri sio kitu tupu, ni alama ya @. Yani meseji ya tangazo yenye info@mfano ikishageuzwa kwenda alfabeti hiyo ina baiti ya sifuri halali kabisa. Geti, yani programu inayopeleka meseji kwa mtandao wa simu, lililoandikwa kwa kutegemea strlen litaikata meseji pale pale kwenye info, na lile la wafutaji litatuma infomfano. Protokali yenyewe ya SMPP, inayotumika kusafirisha meseji hizo, inajua hili, namba ya mtumaji inaishia kwa sifuri kama C ila mwili wa meseji una urefu wake pembeni, sm_length, kwahiyo kosa ni la anayesoma. Hapo hata kukataa ni kosa, unatakiwa kugeuza kwanza halafu ndo ukague.

Kwahiyo mpangilio naoutetea mimi: jua enkodingi, geuza, kisha ukikuta sifuri kwenye kitu kinachoitwa maandishi kataa mlangoni, kwenye epiai (API, pale programu nyingine zinapoleta data), kwa erori 400 inayosema ombi ni baya, sio kusubiri databesi igome na mfumo utoe 500, erori ya seva. Databesi ya MySQL itakusevia tu bila neno, siku unahamia Postgres ndo utajua ulibeba nini. Na ukilazimika kufuta basi futa kabla ya ukaguzi wowote, maana ukikagua jina "ad" sifuri "min" likapita halafu ukafuta, umemtengeneza admin mwenyewe.

Wafutaji wanashinda sehemu moja, masifuri ya mkiani. Kwenye tar, mtindo wa kufunga mafaili pamoja, jina la faili limetengewa baiti 100 na zilizobaki zinajazwa sifuri, majina ya safu kwenye mafaili ya zamani ya databesi ya DBF vilevile, hizo kata bila wasiwasi, ndivyo zilivyoandikwa.

Na yule dada wa kaunta asionyeshwe neno baiti. Mwandikie hivi: faili halijasomeka, lifungue kwenye Excel, lihifadhi upya kwa kuchagua CSV UTF-8, kisha lipandishe tena.