Injini Inapumua kwa Mlango wa Uani

Kwanza ieleweke kwamba siku mbili kabla ya taa kuwaka nilikuwa nimeongeza oili mwenyewe, na kwamba jambo hilo, kwa maoni yangu ya wakati ule, halikuhusiana kabisa na haya yanayofuata.

Gari ni Corolla NZE ya 2003, injini 1NZ. Asubuhi, kwenye foleni ya Ubungo, taa ya cheki injini ikawaka, ya chungwa, imetulia. Ingekuwa inapepesa ningeweka pembeni, maana hapo injini inamisi na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya sailensa, yale yanayosafisha moshi. Ikitulia unaendesha huku ukitafuta. Mimi niliendesha wiki nzima bila kutafuta.

Jirani akasema, "Chomoa betri, kaka, hiyo ni kompyuta tu." Spana namba 10, terminali ya hasi, robo saa. Taa ikazimika, redio ikasahau stesheni zote, nikamnunulia soda. Siku ya tatu ikarudi. Kumbe kwa kosa la aina hii kompyuta husubiri ilione safari mbili ndipo iwashe taa. Nilifuta daftari, deni likabaki.

Nikanunua kale kadude ka kuchomeka chini ya usukani kanakoongea na simu. Kodi, yaani namba ya kosa: P0171. Mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi, petroli kidogo. Mwenye akili angetafuta hewa inapenyea wapi. Mimi nikaona aliyepeleka taarifa ni oksijeni sensa, ile inayonusa moshi, basi mbaya ni yeye. Gerezani, Kariakoo, Sh 70,000, sensa ya mtumba. Nikafunga, nikafuta kodi, ikarudi. Nilikuwa nimemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele za mwizi.

Nikasafisha sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini: skrubu mbili, spray yake maalumu, vinyaya havishikwi hata kwa kidole. Ikarudi. Mke wangu akaanza kuiita mgeni wetu.

Ndipo nikampelekea fundi mmoja mzee. Hakushika spana. Aliomba simu yangu, akafungua ukurasa ambao mimi nilikuwa naupita kila siku, ule unaoonyesha kompyuta inaongeza petroli kiasi gani. Gari likiwa sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa: asilimia 22. Akaniambia nikanyage mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika: ikashuka mpaka 6.

"Umeona, kijana? Pampu ya petroli ingekuwa dhaifu, au sensa ya hewa chafu, ungekanyaga mambo yazidi kuharibika. Hapa yanapona. Kuna tundu. Sailensi injini inavuta kwa nguvu, na hewa hiyo ya wizi ni fungu kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inaingia nyingi, ya wizi haionekani."

Akakagua mpira wa hewa, akaukunja kuona nyufa za chini ambazo hujificha. Mzima. Kisha akachomoa stiki ya oili gari likiunguruma. Hakuna kilichobadilika. Akainamisha kichwa kama daktari aliyesikia kifua kibaya.

"Injini iliyo salama ukichomoa stiki inayumba, kwa sababu inavuta hewa ya ndani ya kreki, kile chumba cha chini chenye oili, kupitia kile kipumuo. Hii haikujali. Maana yake ina mlango mwingine uko wazi." Akageukia juu ya injini. "Kijana, hiki ni nini?"

Kilikuwa ni mfuko wa mkate, umekunjwa mara nne na kufungwa kwa raba mbili, mahali pa mfuniko wa oili. Siku ile ya kuongeza oili niliuweka mfuniko juu ya betri, nikafunga boneti, nikaondoka. Niliporudi kuutafuta haukuwepo, nikabuni. Nilikuwa najivunia ile kazi, kusema kweli. Fundi akauinua: sehemu ya chini imeyeyuka na kuacha tundu la kupitisha kidole gumba, pembeni imelowa oili, na bado ilisomeka "bora kabla ya tarehe".

Nikatumwa dukani, mfuniko wa Sh 5,000. Ukafungwa, kodi ikafutwa, kompyuta ikashuka mpaka asilimia 3. Stiki ilipochomolewa tena, injini ikatetemeka vizuri.

Fundi akaingia uvunguni kuangalia kama oili imemwagika. Akakaa kimya kidogo, mkono ukatoka na mfuniko wangu wa zamani, uliokuwa umelala juu ya kava la chini ya injini, ukisafiri nami wiki zote hizo kwenda na kurudi kazini.

"Huu nao," akauliza, "tuuzibe kwa mkate?"