Laptopu, BOINC na joto: tunabishana kuhusu prosesa wakati anayeumia ni betri

Kama umeshawahi kuweka BOINC au Folding@home kwenye laptopu basi huu ubishi unaujua. Kwa ambaye hajawahi: hizi ni programu unazoweka kwenye kompyuta yako, zinavuta vipande vya hesabu kutoka kwenye mradi wa kisayansi, mashine inavipiga halafu inarudisha majibu, hulipwi kitu. Einstein@Home wanatafuta palsa (nyota zilizokufa zinazozunguka kwa kasi), Folding@home wanaangalia protini zinavyojikunja, GIMPS wao tangu 1996 wanasaka namba tasa kubwa kubwa. Kazi safi kabisa. Shida ni kwamba hesabu ikianza tu feni nayo inaanza kupiga kelele kama inataka kupaa, na hapo ndo watu wanagawanyika, kuna wanaosema acha iende prosesa inajilinda yenyewe, na kuna wanaosema laptopu haikutengenezwa kwa shughuli hiyo, utaiua.

Mi nimekaa kambi zote mbili kwa nyakati tofauti. Naona wote wana hoja ila wanagombania kitu ambacho sicho.

Tuanze na wa acha iende. Prosesa za siku hizi zina vipima joto ndani yake, na nyingi za laptopu kikomo chake kiko karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo inajipunguza spidi yenyewe bila kukuuliza, na ikishindikana kabisa mashine inajizima. Kwa hiyo picha ya prosesa kuungua ikatoa moshi kwa sababu uliacha inahesabu usiku kucha sio ya kuamini sana. Hata wasiwasi kwamba mashine yenye joto itarudisha majibu mabovu miradi mingi ilishauona mapema, kazi ile ile inatumwa kwa kompyuta mbili tofauti afu majibu yanalinganishwa, yasipofanana inatumwa kwa ya tatu. Hapo wako sawa, sibishi.

Lakini prosesa inayojilinda inajilinda yenyewe tu. Haina habari na jirani yake. Na ndani ya laptopu majirani wamebanana kweli, sentimita chache kutoka pale joto linapotoka kuna betri, na betri ya lithiamu inachukia vitu viwili, joto na kukaa imejaa asilimia 100 muda mrefu. Sasa fikiria mtu anayechangia hesabu usiku na mchana anafanya nini: anachomeka chaja, betri inajaa, inabaki imejaa wiki nzima, na chini yake kuna joto halikatiki. Yaani umechukua vitu vyote viwili ambavyo betri haivitaki ukavipika sufuria moja.

Hili nimelijua kwa gharama. Laptopu yangu ya zamani niliiacha inapiga kazi miezi mingi, joto la prosesa nikiliangalia kila siku, haligusi kikomo, nimetulia zangu. Siku moja tachipadi ikaanza kugoma kubonyezeka upande wa kushoto. Nikadhani uchafu, nikapuliza, wapi. Wiki mbili mbele nimeiweka mezani inayumba kama kigoda chenye mguu mfupi, nikainama kuangalia usawa wa macho, kumbe mfuniko wa chini umetuna katikati. Nilipofungua nikakuta betri imevimba kama mto, inaisukuma tachipadi kwa juu na mfuniko kwa chini. (Ukikutana na hali hiyo zima mashine, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, hiyo ni ya kutolewa na kupelekwa panapopokelewa betri mbovu.) Prosesa? Nzima kabisa, haina kosa. Miezi yote ile nilikuwa nalinda kitu ambacho hakikuhitaji mlinzi.

Haya, twende kwa wa utaiua. Hoja yao nzuri zaidi naona sio hata ya kuua, ni ya umeme. SETI@home, mradi wa kusaka ishara za viumbe wenye akili huko angani, ulipoanza Mei 1999 neno lililowavutia watu ni kwamba kompyuta yako imekaa bure, tunaomba tu ule muda wa bure, na programu yenyewe ilikuja kama picha inayotokea kwenye skrini ukiiacha mashine. Na zama zile ilikuwa karibu na kweli, kwa sababu prosesa nyingi za wakati ule hazikuwa na tofauti kubwa sana ya umeme kati ya kukaa tu na kufanya kazi. Leo sivyo. Laptopu ya sasa isipokuwa na kazi prosesa yake inalala, viini (zile sehemu ndani ya prosesa zinazopiga hesabu, kila kimoja kivyake) vinazimwa kimoja kimoja, inakula wati chache mno. Ukiipa hesabu unaiamsha yote. Tuseme inakula wati 30 za ziada: mara saa 24 ni uniti 0.72 kwa siku, kwa mwaka ni kama 263. Sio bure tena, ni mchango, na kila wati hapo inaishia kuwa joto. SETI@home wenyewe waliacha kutuma kazi tarehe 31 Machi 2020, ila lile wazo la muda wa bure bado linazunguka vichwani mwa watu.

Kuna na kutoelewana kwingine hapa hapa. Mtu anaambiwa BOINC inaendeshwa kwa kipaumbele cha chini kabisa, anaelewa kwamba basi inafanya kazi taratibu. Hapana. Kipaumbele cha chini maana yake inampisha mwingine akija, kama hamna wa kupishwa inakula prosesa nzima, na joto ni lile lile.

Sasa kwenye setingi, na hapa ndo watu wengi wanakosea, nikiwemo mimi. BOINC ina sehemu mbili zinazofanana kwa jina: asilimia ya prosesa na asilimia ya muda wa prosesa. Wengi wanashika ya pili, wanaweka 60, wanaona wastani wa joto umeshuka, wanafurahi. Lakini programu inachofanya pale ni kusimamisha kazi na kuiwasha tena kila baada ya sekunde chache. Fungua programu ya kuonyesha joto uangalie mchoro wake, utaona meno ya msumeno, juu chini juu chini, na feni nayo inafuata inapanda inashuka haijui ishike lipi. Wastani mzuri, ila vilele viko pale pale vilipokuwa. Hii setingi siipendi, naiacha kwenye 100.

Asilimia ya prosesa, yaani viini vingapi vitumike, ni bora zaidi lakini nayo ina mtego. Nilikuwa na nyuzi joto tisini na kitu, nikapunguza viini nusu nikitegemea joto nalo lishuke vya kutosha, likashuka kidogo sana, nikashangaa. Sababu ni Turbo Boost ya prosesa za Intel (AMD, watengenezaji wengine wa prosesa, nao wana ya kwao): prosesa ikiona viini vichache tu vina kazi inavipandishia spidi, kwa kuwa nafasi ya joto ipo inaitumia. Unapunguza wafanyakazi, waliobaki wanaanza kukimbia.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kushika ni hiyo turbo na sio BOINC kabisa. Kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya umeme, kuna kiwango cha juu cha prosesa kimewekwa asilimia 100, ukiweka 99 turbo kwa kawaida inazimika. Kwenye Linux yenye prosesa ya Intel kuna faili linaitwa no_turbo unaandika 1. Basi. Yangu ilitoka tisini na kitu ikaenda sabini na kitu, na feni ikawa na sauti moja ya chini badala ya kupiga yowe.

Mtu atasema sasa umeifanya polepole, faida iko wapi? Swali la haki. Ila umeme unaoliwa na prosesa haufuati spidi moja kwa moja, unafuata spidi mara volteji mara volteji tena, na spidi ikishuka volteji nayo inaruhusiwa kushuka. Ukishusha spidi kwa asilimia 20 na volteji ikashuka 10 tu, ni 0.8 mara 0.9 mara 0.9, inakuja kama 0.65. Umepoteza moja ya tano ya kazi, umeokoa theluthi nzima ya joto. Ile spidi ya juu kabisa ndo ghali kuliko zote, na kazi nyingi za miradi hii zina siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, hakuna anayekusubiri mlangoni. Ila wale wa tabianchi, Climateprediction.net, kazi zao ni ndefu sana, hao mi naona uwaachie wenye kompyuta za mezani.

Kwa betri, weka isichaji zaidi ya asilimia 80 kama mashine yako ina hiyo setingi, nyingi za sasa wanayo kwenye programu ya kiwanda au kwenye BIOS (ile mipangilio ya mashine unayoingia kabla Windows haijawaka). Na BOINC iambie isimame ukichomoa chaja. Mengine ni yale ya kila siku, usiiweke kitandani, inua nyuma ipate hewa, na ukiweza fungua utoe vumbi: linalokaa kati ya feni na mapezi ya shaba sio unga unga, ni kama kipande cha blanketi, unakinyanyua kwa kibano kinatoka kizima. Kile ndo kilikuwa kimeziba njia yote ya hewa na we unalaumu programu.

Nikipima yote, wa acha iende wamekosea zaidi. Sio kwa sababu laptopu haiwezi, inaweza, prosesa zake zimetengenezwa kubana umeme, na ukiibana spidi inaweza kutoa kazi nyingi kwa kila wati kuliko kompyuta ya mezani ya zamani. Wamekosea kwa sababu jinsi inavyokuja bila kuguswa, turbo imewaka, betri asilimia 100, viini vyote ndani, ni mpangilio wa mtu anayefungua kurasa mbili tatu kisha anafunga, sio wa saa 24. Ila kama laptopu ni moja na ndo inayokulisha, na betri yake imeshonwa ndani haitoki kirahisi, hapo wa utaiua nawaelewa, endesha masaa machache ukiwa umekaa nayo au usiendeshe.

Kadi ya grafiki sijaigusa mpaka leo. Kwenye laptopu nyingi inashea na prosesa mabomba ya shaba yanayobeba joto kwenda kwenye feni, ukiiwasha unampelekea mwenzie joto hata kama yeye umembana vizuri, na mi na hii niliyonayo sasa tunaelewana hivi hivi, viini vinne, turbo hamna, betri 80. Tachipadi bado inabonyezeka pande zote mbili, naijaribu kila Jumapili.